Jeshi la Hitler linalilia mabehewa, lakini treni za kuwapeleka Wayahudi kufa zilipatikana. Kwa nini?

#1 Msoma Kumbukumbu
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limeninyima usingizi, nalileta hapa tulijadili.

Julai 28, 1942 bwana mmoja aitwaye Albert Ganzenmüller, katibu mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Ujerumani na namba mbili kwenye shirika la reli, Reichsbahn, alimwandikia barua Karl Wolff, mtu wa karibu wa Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia mauaji ya Wayahudi. Alimjulisha kwamba tangu Julai 22 kila siku inaondoka treni moja yenye Wayahudi 5,000 kutoka Warsaw kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka kupitia Malkinia. Akaongeza kwamba mara mbili kwa wiki kuna treni nyingine ya watu 5,000 kutoka Przemyśl kwenda Belzec, kambi nyingine ya mauaji. Wolff akamjibu Agosti akimshukuru kwa furaha kabisa.

Sasa tazameni kalenda. Julai 1942 jeshi la Ujerumani liko njiani kuelekea Stalingrad na Kaukazi. Linahitaji risasi, mafuta na chakula, na vyote vinapita relini. Katikati ya hapo treni nzima kila siku inatengwa kwa ajili ya wazee, wanawake na watoto ambao hawakuwa na silaha hata moja. Mpaka Septemba 21 watu wapatao 265,000 walikuwa wametolewa Warsaw peke yake na kupelekwa Treblinka.

Dai langu: chuki iliwatawala mpaka wakahujumu vita yao wenyewe. Anayepinga aje na hoja.

#2 Chui wa Usambara
Nakaa kiti cha mbele. Mleta mada, uzi kama huu hauletwi saa nne usiku, kesho watu tuna kazi.

#3 Stesheni Masta Mstaafu
Nimefanya kazi ya reli maisha yangu yote, Tabora mpaka Kigoma, kwa hiyo nitaongea kama mtu wa reli.

Mleta mada anadhani treni moja kwa siku ni mzigo mkubwa. Kwa reli ya kwetu ungekuwa mzigo kweli. Reichsbahn ilikuwa na wafanyakazi wapatao milioni 1.4 na ikiendesha treni maelfu kwa maelfu kila siku. Treni za Wayahudi kwa vita nzima zilikuwa takribani 2,000. Hiyo ni tone.

Jambo la pili, treni ya namna ile haipewi kipaumbele. Inachomekwa pale penye nafasi. Ya jeshi ikija, hii inasukumwa njia ya pembeni ingoje. Ndiyo maana safari ya saa chache ilichukua siku nzima, na watu wakafia ndani wakisubiri ya wengine ipite. Kutoka Warsaw mpaka Treblinka hakufiki kilomita 100, lakini wapo waliotumia usiku kucha njiani bila maji.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Kwenye reli behewa likirudi tupu ni hasara, kila karani wa mabehewa duniani anajua. Mwaka 1942 zilikuwepo treni zinazoleta vibarua wa kulazimishwa kutoka Urusi kuja viwandani Ujerumani. Zikishawashusha lazima zirudi mashariki. Wakazijaza Wayahudi. Yaani yule karani alipoona ratiba ile imejaa kwenda na imejaa kurudi, kwa hesabu zake za kazi aliona amepanga vizuri.

Kwa hiyo hawakuhujumu vita yao. Waliifanya kwa mabaki ya nafasi, na ndiyo maana haikuwagharimu kuendelea.

#4 Bint Mrima
Shikamoo mzee wa reli. Umeeleza vizuri, ila kuna mahali sikubaliani nawe.

Kama ilikuwa mabaki tu, mbona katikati ya Desemba 1942 mpaka katikati ya Januari 1943 treni hizi zilisimamishwa? Zilisimamishwa kwa sababu wanajeshi walikuwa wanaenda likizo ya Krismasi na Stalingrad ilikuwa inawaka moto, mabehewa hayatoshi. Na Himmler alifanya nini? Januari hiyohiyo alimwandikia Ganzenmüller akimsihi amsaidie apate treni zaidi. Jeshi la jenerali Paulus pale Stalingrad linakufa njaa kwenye theluji, na mkuu wa SS anaomba treni za kubebea raia.

Uwezo wa reli ni jambo moja. Nia ya mwenye kuomba ni jambo lingine. Msoma Kumbukumbu yuko sahihi kwenye nia.

#5 Stesheni Masta Mstaafu
Marahaba binti. Lakini umeniongezea nguvu mwenyewe. Jeshi lilipohitaji mabehewa, treni za Wayahudi ndizo zilizosimama. Nia ya Himmler siibishii, naongelea nani alipata behewa kwanza.

#6 Mwalimu Kakamega
Wandugu, kabla hatujaenda mbali, niweke takwimu sawa, kwa maana kuna watu watasoma huu uzi wakidhani Wayahudi wote milioni 6 walipandishwa treni.

Sivyo. Waliosafirishwa kwa reli wanakadiriwa kuwa milioni 3, nusu hivi. Wengine wengi mno waliuawa palepale walipoishi, hasa kule Ukraine, Belarus, Lithuania na Latvia. Babi Yar, nje ya Kyiv, watu 33,771 walipigwa risasi kwa siku mbili tu, Septemba 29 na 30, 1941. Wale waliletwa kwa miguu mpaka bondeni. Wengine walikufa kwa njaa na typhus ndani ya mageto, yaani mitaa waliyofungiwa.

Hii inagusa swali la mleta mada. Kwa nini mashariki waliuawa hapohapo, na wa Uholanzi, Ufaransa au Berlin wakasafirishwa mamia ya kilomita, wengine zaidi ya 1,000? Naona sababu ni kuficha. Usingeweza kupiga risasi watu 1,000 kwenye bustani ya Paris au Amsterdam mchana. Treni iliondoa mauaji machoni pa majirani. Jirani aliona mtu na sanduku lake, akaambiwa anaenda kufanya kazi mashariki, akarudi kwake kula.

#7 Karani wa Nauli
Hamjagusa pesa. Ngoja niwape kitu.

SS walilipia hizi treni. Reichsbahn ilitoza kila Myahudi nauli ya daraja la tatu, Pfennig 4 kwa kilomita (Pfennig 100 ni Reichsmark 1, pesa yao ya wakati huo). Mtoto wa chini ya miaka 10 nusu nauli. Mtoto wa chini ya miaka 4 bure. Kundi likifika watu 400 linapata punguzo la nusu. Abiria ni wa kwenda tu, ila walinzi walikatiwa kwenda na kurudi.

Piga hesabu: watu wazima 1,000, kilomita 1,000, kwa bei ya punguzo Pfennig 2, ni Reichsmark 20,000. Hati zilipitia wakala wa safari uleule uliokuwa ukiuzia watu tiketi za kwenda kutalii. Na pesa zilitoka wapi? Mara nyingi kwa Wayahudi wenyewe, kutoka mali zao zilizotaifishwa. Thessaloniki huko Ugiriki, kuanzia Machi 15, 1943, zaidi ya watu 45,000 walipelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, Poland, na nauli yao ilifika karibu Reichsmark milioni 2. Ukazuka mvutano wa fedha za kigeni, maana mali zilizoporwa zilikuwa kwa drakma na shirika la reli linataka malipo kwa Reichsmark. Maofisa wakaandikiana barua kuhusu deni hilo.

Mimi nasema ni wizi. Nyumba, maduka, fanicha, akaunti za benki. Chuki ilikuwepo, lakini angalieni nani alibaki na nyumba.

#8 Chui wa Usambara
Mtoto wa miaka 4 bure. Nimerudia kusoma hapo. Kuna mtu alikaa mezani akaamua umri wa kuanzia kulipa.

#9 Bint Mrima
@Chui hakuna aliyekaa kuamua, na hilo ndilo baya. Ilikuwa nauli ya kawaida ya watoto kwa abiria wote. Waliichukua kama ilivyo.

#10 Mnyamwezi wa Berlin
Naishi Berlin, na kazini kwangu napitia stesheni ya Grunewald. Pale kuna jukwaa namba 17, Gleis 17, limefanywa kumbukumbu tangu Januari 1998. Pembeni mwa reli wamelaza vibao 186 vya chuma. Kila kimoja kina tarehe, idadi ya watu na treni ilikokwenda: Łódź, Riga, Theresienstadt, Auschwitz. Unatembea unasoma chini ya miguu yako. Katikati ya reli miti imeota na imeachwa makusudi ili treni isipite tena.

Jambo linalonisumbua ni kwamba mwanzoni idadi ni 1,000 na zaidi. Mbele unakuta 50, 36, 20. Kibao cha mwisho ni cha Machi 1945. Machi 1945! Warusi wako mto Oder, siyo mbali na jiji, na bado kuna watu wanaandikiwa safari. Stesheni Masta, hapo nafasi ya mabaki iko wapi?

Nimjazie pia Karani wa Nauli. Kabla ya kuondoka, Myahudi wa Berlin alipewa fomu ya kurasa 16 ajaze mali zake zote, mpaka mashuka na vijiko. Na kwa amri ya Novemba 25, 1941 Myahudi aliyevuka mpaka wa Ujerumani alipoteza uraia, na mali yake ikawa ya serikali palepale. Kwa hiyo ile treni kuvuka mpaka peke yake ilihamisha umiliki wa nyumba.

#11 Stesheni Masta Mstaafu
Mnyamwezi mwenzangu, nitakujibu. Zile 50 na 36 hazikuwa treni. Lilikuwa behewa moja au mawili linafungwa kwenye treni ya kawaida ya abiria, hasa zile za kwenda Theresienstadt, na nyingi ziliondokea stesheni ya Anhalter katikati ya jiji. Abiria wengine wanapanda na mikoba yao kama kawaida. Kuongeza behewa moja hakukugharimu chochote.

#12 Mnyamwezi wa Berlin
Mzee, hilo linanitisha kuliko treni nzima.

#13 Mama Zawadi
Asanteni kwa elimu. Mimi picha ambayo haijawahi kunitoka ni ya yule binti wa Kiyahudi aliyefungwa kitambaa kichwani, anachungulia katikati ya milango ya behewa la mizigo kabla halijafungwa. Nadhani ni Uholanzi. Nikiona macho yake namwona binti yangu.

#14 Mwalimu Kakamega
Mama Zawadi, yule binti hakuwa Myahudi. Dunia nzima ilimjua hivyo kwa miaka mingi, mpaka mwandishi wa habari wa Kiholanzi, Aad Wagenaar, alipofuatilia na kumtambua mwaka 1994. Aliitwa Settela Steinbach, wa jamii ya Sinti, ambao pamoja na Waroma nao waliangamizwa na Wanazi. Alikuwa na miaka 9. Kichwa alikuwa amenyolewa, ndiyo maana ya kile kitambaa.

Picha ilitoka Uholanzi kweli, kambi ya Westerbork, Mei 19, 1944. Aliyeishika kamera, Rudolf Breslauer, alikuwa Myahudi mfungwa, aliamriwa na mkuu wa kambi arekodi. Tarehe yenyewe ilijulikana kwa sababu kwenye mkanda huohuo anaonekana mama mgonjwa akisukumwa kwenye kitoroli, na sanduku lake lina jina na tarehe ya kuzaliwa. Wakalinganisha na orodha ya abiria. Settela, mama yake na ndugu zake wakafia Auschwitz. Breslauer naye alipandishwa treni baadaye na hakurudi.

Siku hiyo treni ilibeba wote, Wayahudi na Sinti.

#15 Mama Zawadi
Asante mwalimu. Nitamkumbuka kwa jina lake sasa.

#16 Kijana wa Meru
Wakuu mnatafuta mbali, hapa Arusha tuna ushahidi. Pale Tengeru kuna makaburi ya Wazungu wa Poland waliokimbia treni za Hitler wakaletwa Tanganyika. Babu yangu aliwauzia ndizi.

#17 Bint Mrima
Kijana wa Meru, makaburi ni kweli na ndizi za babu naziamini. Ila walitoka treni nyingine. Wale Wapolandi walihamishwa na Stalin. Poland iligawanywa Septemba 1939, Ujerumani ikachukua magharibi, Warusi mashariki. Kuanzia Februari 1940 polisi wa siri wa Kisovieti waliwapakia familia kwenye mabehewa ya mizigo kuelekea Siberia na Kazakhstan. Hitler alipomgeukia Stalin mwaka 1941 wakaachiwa, wakapitia Iran, na wengine wakaletwa Afrika Mashariki kuanzia 1942. Tengeru ilipokea kama 5,000, na Uganda kulikuwa na Masindi na Koja.

Kuna fundo hapo. Wimbi la Juni 1940 la treni za Stalin lilibeba zaidi Wayahudi waliokuwa wamekimbilia upande wa Kisovieti. Waliteseka kwa baridi na njaa, wengi wakafa. Lakini waliobaki nyumbani, Wajerumani walipofika 1941, waliuawa karibu wote. Kwa hiyo kuna familia za Kiyahudi zilizopona vita kwa kuwa Stalin aliziweka kwenye behewa la ng'ombe.

#18 Kijana wa Meru
Hii sikuwahi kufundishwa shuleni na nimesoma kilomita 4 kutoka pale.

#19 Mwana wa Lubumbashi
Jambo kwenu wote. Niko Lubumbashi, Kongo. Mumesahau Rhodes.

Hapa kwetu, wakati mji ulikuwa unaitwa Elisabethville, Wayahudi wengi walitoka kisiwa kimoja, Rhodes. Walikuja toka mwanzo wa karne iliyopita kufanya biashara, mmoja akiita ndugu yake, ndugu akiita binamu. Sinagogi yao ingali inasimama hapa mjini. Hata baba ya Moïse Katumbi, yule mwanasiasa wetu, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa Rhodes, akafanya biashara ya samaki upande wa Luapula. Bazee ba hapa banajua hadithi hiyo.

Waliobaki kisiwani, kiasi ya 1,700, Wajerumani waliwakamata Julai 1944. Wakawapakia kwenye mashua za mizigo Julai 23, jua kali, mpaka Piraeus, bandari ya Ugiriki. Wakawafungia kambi ya Haidari karibu na Athens. Agosti 3 wakawapandisha treni, wakafika Auschwitz Agosti 16. Waliorudi hai ni kama 150. Konsuli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliokoa watu kama 40 kwa kuwatetea kuwa ni raia wa Uturuki ao wake na waume za raia.

Watu wa hapa Elisabethville walingoja barua ya mama, ya dada. Hazikukuja. Kuna nyumba hapa ilipoteza ukoo mzima kwa treni moja.

Sasa mzee wa reli, mimi nakuuliza kwa heshima. Julai 23, 1944 ndiyo siku ileile Warusi waliingia Majdanek na kukuta kambi ya mauaji. Vita ilikuwa imekwisha kupotea. Kutoa bibi vizee kwenye kisiwa cha mbali, kwa mashua, halafu treni karibu wiki mbili. Ni behewa gani tupu lilikuwa linarudi kule?

#20 Msoma Kumbukumbu
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Asante ndugu wa Lubumbashi.

#21 Karani wa Nauli
Na mimi naongeza Hungari. Mei 15 mpaka Julai 9, 1944, Wayahudi wapatao 437,000, treni 147, nyingi zikipitia Kassa (leo Košice, Slovakia). Katikati ya wiki hizo, Juni 6, Waingereza na Wamarekani wakatua Normandy. Treni hazikupungua. Auschwitz walijenga reli mpya kuingia ndani kabisa ya Birkenau, sehemu ya kambi hiyo yenye vyumba vya gesi, ili watu washukie karibu na vyumba vya gesi. Lakini nabaki kwenye hoja yangu: serikali ya Hungari iligawa nyumba na mali zao siku zilezile.

#22 Dereva wa Usiku
Nimesoma kimya. Swali langu: wale madereva na mastesheni masta wenyewe walijua? Maana injini haijiendeshi.

#23 Stesheni Masta Mstaafu
Walijua. Na hapa nitakaa kidogo, wakuu mnivumilie.

Stesheni ya kijiji cha Treblinka alikuwepo Mpolandi mmoja, mwongoza treni, Franciszek Ząbecki. Kwa siri alikuwa wa jeshi la chini kwa chini la Poland. Kila treni iliyofika aliiona kwa macho yake, maana treni haikuingia nzima kambini. Jukwaa la ndani lilichukua kama mabehewa 20, kwa hiyo walikata treni vipande vipande, injini inasukuma 20 ndani, mengine yanangoja palepale stesheni, watu ndani wanalilia maji. Ubavuni mwa kila behewa kulikuwa na namba imeandikwa kwa chaki, idadi ya watu. Ząbecki alisoma zile chaki akahesabu. Wajerumani walipoanza kukimbia 1944 alitoa baadhi ya hati za mizigo pale ofisini akazificha. Hati zinaonyesha kwenda imejaa, kurudi tupu. Kwenye kesi ya Franz Stangl, aliyekuwa mkuu wa Treblinka, mwaka 1970 huko Düsseldorf, alitoa ushahidi.

Ndani ya kambi Wanazi walitengeneza stesheni ya uongo. Dirisha la tiketi limechorwa, ratiba ukutani, na saa ya ukutani imechorwa, mikono haisogei, saa 12 daima.

Mimi nimekaa kwenye ofisi ya stesheni. Treni haiondoki bila stesheni ya mbele kukubali. Kwa hiyo kila treni ilikubaliwa na mtu, stesheni baada ya stesheni, kuanzia Amsterdam mpaka Poland. Wengine walipewa vodka. Dereva Henryk Gawkowski, aliyesukuma mabehewa Treblinka, alisimulia mwenyewe baadaye kwamba bila pombe asingeweza.

#24 Dereva wa Usiku
Hakuna aliyekataa hata mmoja?

#25 Mwalimu Kakamega
Waliogoma walikuwepo, kwa sababu nyingine. Wafanyakazi wa reli Uholanzi waligoma Septemba 1944 kwa agizo la serikali yao iliyokuwa London, kusaidia majeshi ya washirika. Treni ya mwisho ya Westerbork kwenda Auschwitz, ile aliyokuwemo Anne Frank, ilikuwa imeshaondoka Septemba 3.

Ila treni moja ilisimamishwa. Aprili 19, 1943, Boortmeerbeek, Ubelgiji. Vijana watatu, Youra Livchitz, Jean Franklemon na Robert Maistriau, walikuwa na bastola moja, koleo na taa waliyoifunika karatasi nyekundu. Wakaiweka relini kama ishara ya hatari, treni ya watu 1,631 ikasimama. Maistriau akafungua behewa, watu 17 wakashuka. Wengine wakaruka wenyewe njiani, jumla zaidi ya 200, na zaidi ya 100 wakafanikiwa kutoroka kabisa. Simon Gronowski alikuwa na miaka 11. Mama yake alimshusha mpaka kwenye kikanyagio, noti ya faranga 100 ikiwa kwenye soksi. Mtoto akaruka, mama hakupata nafasi. Akauawa Auschwitz. Simon akawa wakili.

#26 Mpenda Bahari
Na Bulgaria jamani. Machi 1943 treni zilikuwa tayari, na mbunge Dimitar Peshev na maaskofu Stefan na Kiril wakapinga waziwazi. Wayahudi wa Bulgaria kama 48,000 hawakusafirishwa. Inawezekana kukataa.

#27 Bint Mrima
Ongeza nusu ya pili, Mpenda Bahari. Wakati huohuo polisi na reli za Bulgaria ziliwatoa Wayahudi 11,343 kutoka Thrace, Makedonia na Pirot, maeneo waliyokuwa wameyakalia, wakawakabidhi. Wakafia Treblinka. Kilichokuwa na uzito ni uraia. Wenye uraia walitetewa, wasio nao wakapakiwa.

#28 Chui wa Usambara
Mimi nataka kujua kwa nini Wamarekani na Waingereza hawakupiga mabomu hizo reli. Ndege walikuwa nazo.

#29 Msoma Kumbukumbu
Taarifa walikuwa nazo pia. Rudolf Vrba na Alfréd Wetzler walitoroka Auschwitz Aprili 1944 na kueleza kila kitu. Wizara ya Vita ya Marekani ilipoombwa ikakataa, ikisema ndege zinahitajika kwingine. Agosti 20, 1944 wakapiga kiwanda cha Monowitz, kilomita chache tu kutoka vyumba vya gesi.

#30 Stesheni Masta Mstaafu
Reli ukiipiga bomu leo, gengi la matengenezo linaifungua kesho. Tumetengeneza reli iliyobebwa na mafuriko kwa siku moja na nusu. Kupiga daraja kubwa ingekuwa habari nyingine.

#31 Mama Zawadi
Hata kuchelewesha kwa siku moja, mzee. Hungari zilikuwa zinaondoka watu kama 12,000 kwa siku.

#32 Stesheni Masta Mstaafu
Hapo sikupingi.

#33 Mpenda Bahari
Kuna treni ambayo haikuwa na safari yoyote. Iași, Romania, mwisho wa Juni 1941. Baada ya mauaji mjini, Wayahudi walionusurika walijazwa kwenye treni mbili, madirisha yakapigiliwa mbao, joto la kiangazi. Moja ilikwenda Podu Iloaiei, kilomita kama 20 tu, ikachukua saa nyingi na zaidi ya watu 1,000 wakafia ndani. Nyingine ilizungushwa karibu wiki nzima. Stesheni ya Roman, mama mmoja wa Msalaba Mwekundu, Viorica Agarici, alisikia vilio akalazimisha mabehewa yafunguliwe, watu wakapewa maji.

Hapa haikuwa kuficha, haikuwa nauli, haikuwa mabehewa tupu yanayorudi. Treni yenyewe ndiyo ilikuwa silaha. Hoja zenu zote tatu haziwezi kueleza Iași.

#34 Dereva wa Usiku
Na waliopanga walifungwa?

#35 Bint Mrima
Wachache mno. Ganzenmüller wa barua ya mleta mada alikwenda Argentina, akarudi Ujerumani 1955 na kupata kazi ya uchukuzi kwenye kampuni ya chuma. Kesi yake ilianza Düsseldorf 1973, akapata shambulio la moyo baada ya wiki chache, kesi ikasimama na haikuendelea tena. Akafa 1996. Franz Novak, aliyekuwa akiagiza treni kwa niaba ya Eichmann, ofisa wa SS aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi, alishtakiwa Vienna mara kadhaa, akaishia kifungo cha miaka 7.

Fidia imekuja kwa kuchelewa. Salo Muller, aliyekuwa akiwachua misuli wachezaji wa Ajax enzi za Cruyff, wazazi wake walipelekwa Auschwitz kupitia Westerbork. Alilibana shirika la reli la Uholanzi mpaka 2019 likakubali kulipa, euro 15,000 kwa kila aliyenusurika. Kazi ile iliwaingizia, kwa thamani ya leo, kama euro milioni 2.5.

#36 Chui wa Usambara
Ajax ya Cruyff tena! Baba yangu angekesha kwenye uzi huu.

#37 Mwana wa Lubumbashi
Mzee wa reli bado hajanijibu ya Rhodes.

#38 Stesheni Masta Mstaafu
Nakujibu ndugu yangu. Agosti 1944 majeshi ya Ujerumani yalikuwa yanapelekewa vifaa Ugiriki na mabehewa yanarudi kaskazini. Kwa reli peke yake naweza kukueleza treni ya Athens. Zile mashua kutoka Rhodes siwezi.

#39 Mwana wa Lubumbashi
Na bila mashua hakuna treni.

#40 Karani wa Nauli
Rhodes walikuwa na maduka na nyumba ndani ya mji wa kale. Kabla ya kupakiwa walinyang'anywa dhahabu na vito. Nitaleta zaidi kesho asubuhi, msifunge uzi.